Mwenye Kauli Nyumbani Kwako

Masasi tuna huruma moja mbaya: mtu akistaafu tu, tunamsamehe. Aliyekuwa akitutukana vikaoni anageuka mzee wetu, anapewa kiti cha mbele harusini, na wale wale aliowaliza wanamshika mkono asijikwae. Mimi sijamsamehe Mama Mkuu. Yu hai, ana afya njema, na sioni sababu ya kungoja afe ndipo niseme.

Alikuwa Mkuu wa chuo chetu, mwanamke wa kwanza kukikalia kile kiti, na alituongoza miaka mingi pale chini ya milima ya mawe. Jina lake silitaji. Hata alipokuwa ofisini hatukulitaja, maana "Mama Mkuu" alilipenda kuliko jina alilopewa na wazazi wake, ingawa hakuwa mtawa, na upole wa mama ulimpita mbali. Siku alipoteuliwa, sisi wanawake wahadhiri, ambao wote tungeenea kwenye benchi moja, tulipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini. Na mimi nilipiga. Nilikuwa mhadhiri wa Hisabati, mtoto wa Chilangala kule juu Newala, na nilikuwa na tamaa moja tu: kwenda kusoma uzamivu. Kila mwaka chuo kilipeleka mtu mmoja, na kila mwaka mtu huyo alikuwa na ndevu. Nikasema moyoni, sasa amekuja mwenzetu, zamu yangu imefika. Vigelegele vile mpaka leo nikivikumbuka naona aibu.

Jambo la kwanza alilotufanyia lilikuwa kutuvua vyeo, tena kwa adabu. Kwenye Baraza la Taaluma wanaume walikuwa "Daktari", "Mwalimu", "Bwana Mkuu wa Idara". Sisi tulikuwa Mama Salma, ndiye mimi, Mama Kelvin, Mama Mwanahamisi. Huku kwetu kumwita mwanamke kwa jina la mwanawe ni heshima kubwa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kulalamika bila kuonekana anamkana mtoto wake. Alikuwa akisema, "Daktari, hebu tupe hali ya matokeo ya mtihani. Mama Salma, chai imefika?" Matokeo yale nilikuwa nimeyachambua mimi, na Daktari aliyasoma huku akinitazama nimsaidie palipomshinda. Mwenzetu mmoja wa Idara ya Kiswahili alikuwa na uzamivu wake mkononi lakini hakujaliwa mtoto. Huyo Mama Mkuu alimwita "binti". Binti mwenyewe alikuwa na mvi.

Alikuwa na mkoba mweusi mkubwa ambao hakuubeba mwenyewe hata siku moja. Ulibebwa na mhadhiri wa kike mdogo kuliko wote, na alipoajiriwa mdogo zaidi, mkoba ulihamia kwake. Tuliambizana kwamba ule mkoba ndio Makamu Mkuu wetu, maana uliingia kwenye vikao ambavyo sisi tuliishia mlangoni.

Alitoka mkoa wa mbali, ambako watoto na mali ni vya upande wa baba, na mila zetu za kusini alizitazama kama mtu anayepita sokoni bila nia ya kununua. Ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, alikuwa akisema mbele ya wanafunzi kwamba ni chakula cha njaa. Lakini siku moja akasikia habari za unyago, na hizo akazinunua papo hapo. Aliambiwa kwamba mwali akishaingizwa ndani hainui macho, na wala hasemi mbele ya wakubwa. Ilimpendeza mno. Tangu siku ile kila mhadhiri mpya wa kike akawa "mwali wangu", na mwali haongei kwenye Baraza mpaka aambiwe. Ukinyoosha mkono, alikuwa akitabasamu na kusema, "Mwali hasemi." Wanaume walicheka, wakiwemo Wamakonde wenzangu waliojua fika kwamba huo ni upuuzi. Walijua kwamba unyago una siku ya kutolewa nje: mwali anapakwa mafuta, anavishwa kanga mpya, ngoma inalia, na kuanzia hapo ni mtu mzima mwenye neno lake. Mama Mkuu alichukua nusu ile ya kufungiwa ndani. Nusu ya kutolewa hakuiulizia, na sisi tuliokuwa tunaijua hatukumwambia, kwa woga.

Nisisahau na habari ya bodaboda. Aliona mhadhiri mmoja wa kike amepanda pikipiki kama wanavyopanda watu wote, mguu huku na mguu huku, akaitisha kikao. Mwanamke msomi, alisema, hapanui miguu barabarani. Ikawa sheria: tukae upande. Yeye alikuwa na gari la chuo. Wiki ile ile Mama Kelvin akateleza akaanguka karibu na soko, na karatasi za mtihani zikatawanyika hadi kwenye nyanya za watu. Mama Mkuu akaenda kumtazama hospitali na machungwa, akampapasa mkono uliofungwa bandeji, akamwambia, "Pole, mwanangu. Lakini umeanguka kwa heshima."

Na kila Siku ya Wanawake tulishona vitenge sare, yeye akavaa chake tofauti aonekane. Alipanda jukwaani akahutubia kwamba mwanamke anaweza. Wanawake wenyewe wakati huo tulikuwa nyuma ya hema tunapakua pilau la wageni, tukimsikia kwenye spika. "Mimi sikubebwa na mtu," ndilo lilikuwa neno lake. "Nilipanda mwenyewe." Angesema kweli angeongeza kwamba alipofika juu aliikalia ngazi.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa mwongo kama yeye, kwa sababu mwanamke yule hakuwa mwoga. Mwenyekiti wa Bodi, mzee mwenye kitambi na mamlaka, aliwahi kutaka bweni la wasichana ligeuzwe ukumbi wa kukodisha, wasichana wakapange mitaani. Wanaume wote mezani waliitikia. Mama Mkuu akavua miwani. "Mwenyekiti, wewe kalale nje kwanza wiki moja hapo mjini," akamwambia. "Ukirudi salama tutazungumza." Bweni lipo mpaka leo.

Na kuna ile safari ya Newala. Msichana mmoja wa mwaka wa pili alipata mimba akaondoka, na ndugu zake wakatuma salamu kwamba harudi tena, masomo yamekwisha. Mama Mkuu akaingia kwenye gari, mimi nikiwa na mkoba, maana mdogo wetu alikuwa mgonjwa siku ile. Ilikuwa masika. Tulipokwisha kupanda mlima, gari likanasa kwenye mchanga uliolowa, dereva akahangaika mpaka akakata tamaa. Mama Mkuu akavua viatu, akapandisha sketi yake hadi magotini, akaenda kwa miguu katikati ya mikorosho huku mvua inamnyeshea, mimi nyuma na mkoba kichwani. Alisimama kwenye uwanja wa watu, matope mpaka kwenye magoti, akakataa kiti. "Sikuja kukaa," alisema. "Nimekuja kumchukua mwanafunzi wangu. Atazaa, mtamlea mtoto, na yeye atasoma." Wakabisha, wakachoka, yeye akabaki amesimama. Msichana akatoka ndani na begi lake. Siku ile ningemfuata yule mama popote.

Tukarudi garini. Watu walikuwa wamelisukuma likatoka, na mama mmoja kati yao alitupatia ming'oko iliyochemshwa. Chakula cha njaa Mama Mkuu alikila chote, maganda akayatia kwenye mkoba wake. Nikaona amefurahi, nikathubutu kumwambia kuhusu uzamivu. Akanitazama kwa mshangao wa kweli kabisa. "Huyu hapa nyuma bado hajapata kitu," akasema. "Wewe, Mama Salma, umeshapata. Unataka nini zaidi?"

Hapo ndipo nilipomwelewa. Wasichana aliwapenda kwa moyo wake wote mpaka siku ya mahafali. Alijua majina yao na vijiji vyao, na aliyekosa sabuni alimpa yake. Wakishavaa joho na kofia, wakarudi kuomba kazi, wakaanza kuwa na mawazo, mapenzi yalikatika hapo hapo. Alitaka wanawake wainuke, wafike usawa wa kiuno chake, waishie hapo.

Nilirudi tena na tena na ombi langu. Sikuwa naomba upendeleo: niliwahi kukubaliwa na chuo kikubwa, na profesa mmoja alikuwa tayari kunisimamia. Mada yangu ilikuwa jinsi ugonjwa wa ubwiri unga unavyotoka mkorosho huu kwenda mkorosho ule, niuhesabu, nione unapita wapi na utafika lini. Nilikulia chini ya mikorosho, nikaona msimu mmoja wa ugonjwa unavyoweza kuwafanya watu wazima wakae kimya mezani. Hatimaye Mama Mkuu akaniita ofisini. "Sawa," akasema. "Lakini kabla sijapeleka jina lako kwenye Baraza, mlete mwenye kauli nyumbani kwako. Nimsikie kwa masikio yangu." Hiyo ilikuwa sheria yake kwa wanawake walioolewa. Hakuna mwanamume aliyewahi kuambiwa amlete mkewe.

Nikamwambia Baba Salma. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, amesoma, si mtu wa giza. Alikuwa anapiga pasi shati lake, na hata hakugeuka. "Mwenye kauli kwenu ni mjomba," akasema. "Mimi ni mkwe tu. Nikienda kumsemea mtoto wa ukoo wake, nitauweka wapi uso wangu?" Na mimi nikaona kweli. Hebu cheka, maana mimi nacheka: watu wawili wenye shahada, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba Mama Mkuu anamtaka mume. Kwetu, ambako ukoo ni wa upande wa mama, neno lile lina mtu wake.

Mjomba akaja kwa basi la asubuhi, amevaa koti analozikia watu, ameshika kifurushi cha korosho zilizokaangwa. Mjomba wangu si mtu wa hekima. Ni mtu wa maneno, na nilimwomba njia nzima asiseme sana. Mama Mkuu akanyanyuka kumpokea, akamtazama yule mzee, akanitazama mimi, na uso wake ukaonyesha kwamba ananionea huruma.

"Shikamoo, mzee. Karibu, Baba Salma."

"Marahaba, mama. Salma ni mjukuu wangu. Mimi mjomba wake huyu."

"Mimi nilimwita mume."

"Mume yupo, mzima kabisa," akasema mjomba. "Yule mkwe wetu, tunamheshimu. Hatumsumbui na mambo ya ukoo."

Mama Mkuu akakaa chini polepole. "Kwa hiyo anayemruhusu ni wewe?"

"Kumruhusu nini?"

"Aende kusoma. Ni miaka mingi, mzee, si safari ya sokoni."

Mjomba akanitazama kama mtu aliyeletwa kwenye msiba akakuta marehemu anakunywa chai. "Huyu alishachezwa unyago, mama. Zamani. Mimi mwenyewe nilikuwapo alipotolewa, ngoma ilikesha. Mtu akishatolewa nje hatumwombei ruhusa tena. Nilivyoitwa nilidhani kuna kosa amelifanya."

Angenyamaza hapo tungeshinda. Mwanamke aliyetuita mwali miaka yote alikuwa ameishiwa maneno, na mimi nilikuwa naona aibu na furaha kwa pamoja. Lakini mjomba alikuwa bado hajamaliza. Alimwomba, kwa kuwa ni msomi, amtafutie dawa ya ubwiri unga. Alilalamikia mvua. Kisha, akitaka tu kuwa na adabu, akauliza, "Na wewe, mama, ulipokwenda kusoma huko nje, nani alikuja kukusemea?"

Mama Mkuu akafunga faili lililokuwa mbele yake. "Mzee, nakushukuru kwa kuja," akasema, na hakututazama tena.

Kwenye Baraza alizungumza kwa masikitiko makubwa. Nyumba ya Mama Salma, alisema, haijatulia. Mume hana kauli, mambo yanaamuliwa na wajomba, na chuo kikimpeleka kitakuwa kimevunja ndoa ya watu. Nikanyoosha mkono. Nikasema, "Mama Mkuu, mume wangu hana pingamizi, na anaweza kuja leo hii." Akatabasamu lile tabasamu lake. "Mama Salma," akasema, "mwali hasemi." Nilikuwa nimefundisha pale muda mrefu kuliko nusu ya waliokuwa wamekaa, na baadhi yao niliwafundisha mimi. Wanaume wakatazama vikombe vyao. Wanawake nao wakatazama vikombe, na hao ndio walioniuma zaidi.

Nafasi ikaenda kwa kijana wa Idara ya Jiografia, ambaye hakuulizwa kama ana mke. Akaenda, akakaa, akarudi na gari. Shahada tunaingoja mpaka leo. Nilimchukia Mama Mkuu, na nasema hivyo bila kumung'unya maneno. Nilikuwa nikimwona anashuka ngazi za utawala, natamani ajikwae, kisha naitikia, "Shikamoo, Mama Mkuu," na yeye anaitikia marahaba kwa sauti tamu.

Alipostaafu alipewa kiti cha kuegemea na hotuba nyingi. Aliyemfuata alikuwa mwanamume asiye na wazo lolote juu ya wanawake, jema wala baya. Nilipeleka ombi langu kwake. Alikuwa anaongea na simu, akatikisa kichwa kukubali, akaendelea na simu yake. Basi. Kile nilichokililia miaka yote kilikuwa kichwa cha mtu kutikisika. Profesa aliyeahidi kunisimamia alikuwa amestaafu, nikaanza upya na mtu mwingine, nikakaa darasani na watoto walioniita shangazi. Nilimaliza. Mikorosho yangu niliihesabu. Leo mimi ndiye Makamu Mkuu, upande wa taaluma, na mkoba wangu naubeba mwenyewe.

Mwaka jana nilikuwa natoka Lindi kikazi, tukasimama Nanganga dereva ajaze upepo tairi. Kando ya barabara palikuwa na duka la chakula cha kuku, na ndani, katikati ya magunia ya pumba, alikuwa amekaa yeye. Amepungua mwili. Kwao hakurudi, alinunua shamba pale pale.

"Mama Salma!" akaita. Kisha, kwa kuchelewa kidogo, "Daktari."

"Shikamoo, Mama Mkuu."

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Kaa hapa." Akafuta kiti kwa kanga yake. Hakuniuliza habari za chuo. Alikuwa na lake, na alilitoa mara moja. Binti yake wa mwisho, mhadhiri msaidizi huko mkoa wa kwao, alikuwa amepata nafasi ya uzamivu nje ya nchi. Nafasi yenyewe ilikuwa inakaribia kufungwa, na mumewe amesema haendi.

"Nenda ukaongee na mkwe wangu," akasema. "Wewe ni Daktari, ni Makamu Mkuu. Atakuogopa."

"Na wewe ulikuwa Mkuu wa Chuo."

"Nilikuwa." Akachota pumba kwa kiganja, akaziacha zianguke gunini. "Atanisikiliza mimi? Mimi ni mwanamke tu."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Yule aliyemwambia Mwenyekiti wa Bodi akalale nje alikuwa anamwogopa kijana aliyemwoa mwanawe.

"Mjomba wako aliniuliza swali siku ile," akasema. "Mimi sikusemewa na mtu. Sikumwuliza mtu, nikaenda zangu kusoma. Niliporudi, kwenye nyumba yangu kulikuwa na mwanamke mwingine anapika. Sikutaka iwapate na nyinyi."

Nilimsikitikia. Ilichukua muda wa kumeza mate. Kisha hasira ikarudi, tena kubwa kuliko ya zamani, kwa sababu sasa nilijua: mlango ule ulimbana yeye mwenyewe, akajua unavyouma, halafu akaenda kuwa mlinzi wake. Hakutulinda na kitu. Waume zetu aliwapa kauli ambayo wengine wao hawakuwa nayo, na sasa mmoja amemshika nayo mwanawe. Mkuki kwa nguruwe. Nilitaka kumwambia yote hayo, na nilikuwa nayo tayari mdomoni, miaka mizima. Lakini nafasi ya yule binti ilikuwa inafungwa.

"Nipe namba ya simu ya binti," nikasema.

"Utamwambia nini?"

"Nitamwuliza anaondoka lini."

Akatafuta simu chini ya kanga, akavaa miwani, akanisomea namba polepole, mimi nikaiingiza kwenye yangu. Dereva alikuwa amemaliza, anapiga honi. Nikanyanyuka.

"Na mumewe anaitwa..." akaanza.

"Sikumwulizia mumewe," nikasema, na nikabonyeza kupiga.